Risala ya Mwenye Kununua Msitu: Haki ya Ardhi, ya Miti na ya Warithi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiotesha miti katika ardhi, akajaalia humo kivuli kwa msafiri, kuni kwa mpishi, boriti kwa mwenye kujenga, na chombo kwa mwenye kwenda majini. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema hatta siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, khabari ya miti imekuwa kubwa katika nchi yetu hii ya Mara. Mji wa Musoma wataka mkaa kila siku. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wataka kuni za kukaushia samaki na mbao za mitumbwi. Mwenye kujenga ataka nguzo, na shule zataka madawati. Kwa hiyo mtu akipita mbele ya kipande cha msitu siku hizi, haoni miti, bali huona fedha zimesimama wima. Na palipo na fedha, shetani hakosi kiti chake. Basi tumeona ni wajibu wetu tuyakusanye maneno machache, kwa madhehebu ya Imamu wetu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, asaa yakamfaa mwenye kununua na mwenye kuuza.

MAS'ALA YALIYOULIZWA

Ndugu mmoja wa upande wa Mwitongo, huko Butiama, ametuletea suala. Amesema: Kuna msitu mdogo wa ekari 8. Sehemu ya juu ina miti ya asili, mivule na mikuyu na migunga, na chini ya mikuyu hiyo yatoka chemchemi ambayo majirani huteka. Sehemu ya chini ina mikaratusi iliyopandwa na mwenye msitu alipokuwa hai. Mwenyewe amefariki, ameacha mke, na wana wawili wa kiume, na wa kike watatu. Na wawili katika hao wa kike ni wadogo, hawajabaleghe. Mwana mkubwa ndiye auzaye, naye ana haraka, kwa hiyo bei yake ni nafuu. Nami nakusudia kuikata miti yote kwa mwaka mmoja, fedha yangu irudi pamoja na faida, kisha ardhi niilime. Je, ununuzi huu ni halali? Na nikisha kununua, je, miti ni yangu niifanye nitakavyo?

Jawabu kwa ufupi, kisha tutaeleza: Ununuzi huo hausihi illa katika fungu la yule auzaye. Na miti utakayoipata kwa haki ni yako, walakini si yako peke yako. Ina haki za wengine ndani yake, na utaulizwa.

MLANGO WA KWANZA: NI NANI MWENYE MSITU?

Jua, ewe ndugu, ya kwamba mtu akifa, mali yake haimngojei mwana mkubwa aigawe apendapo. Mwenyezi Mungu mwenyewe ameigawa katika Sura ya Annisaa. Likisha kulipwa deni la maiti na kutekelezwa wasia wake, kila mrithi ana fungu lake. Wengi husema, "Baba aliniachia mimi niwasimamie." Kusimamia si kumiliki.

Tuhisabu pamoja, kwani hisabu hii ni nyepesi. Mke wa maiti mwenye watoto ana thumni, yaani fungu moja katika 8. Yaliyobaki ni mafungu 7, na mwana wa kiume hupata sawa na wa kike wawili. Basi wana wawili wa kiume wana mafungu 4, kila mmoja mawili. Na wa kike watatu wana mafungu 3, kila mmoja moja. Jumla ni 8, haikuzidi wala haikupungua. Na msitu ni ekari 8. Tazama basi: mwana mkubwa ana mafungu 2 tu. Ataka kuuza 8. Sita si zake. Ni za mama yake, na ndugu yake, na dada zake, na katika hao wamo mayatima wawili.

Wametaja maulamaa wetu, na miongoni mwao Imam Nawawi katika Minhaj, ya kwamba mwenye kuuza cha mwenziwe bila ya idhini, uuzaji wake ni batili. Na mwenye kuuza chake na cha mwenziwe kwa pamoja katika mapatano mamoja, kauli yenye nguvu ni kwamba husihi katika chake, na hubatilika katika cha mwenziwe; na mnunuzi aliyekuwa hajui ana khiyari, akitaka atavunja, akitaka atalishika fungu lililosihi kwa sehemu yake ya bei. Lakini wewe, ndugu mwenye kuuliza, umekwisha kujua. Huwezi tena kusema, "Sikujua."

Ama mafungu ya wale watoto wadogo, jambo lake ni zito zaidi. Walii wa mali ya mtoto, katika madhehebu yetu, ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa nao, kisha kadhi. Ndugu mkubwa hayumo katika orodha hiyo, wala ami, illa akiwekwa kwa wasia au kwa hukumu. Na hatta huyo walii wa haki haruhusiwi kuuza ardhi ya yatima kwa kuwa bei imependeza siku hiyo. Ni mpaka iwe kwa haja, kama chakula na mavazi yake, au kwa faida iliyo dhahiri kabisa. Je, katika bei ya haraka pana faida gani iliyo dhahiri kwa yatima? Bei nafuu kwako ndiyo khasara kwake. Na Mwenyezi Mungu ameonya, katika Sura hiyo hiyo ya Annisaa, ya kwamba wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma hawali ila moto katika matumbo yao.

Na lipo jambo la nne, nalo ni shufaa. Hatta ukinunua mafungu mawili ya mwana mkubwa peke yake kwa njia safi, washirika wake waliobaki wana haki ya kulitwaa fungu hilo kwako kwa bei ile ile uliyolipa, ikiwa shamba halijagawanywa nalo lakubali kugawanywa. Haki hiyo kwetu ni ya mshirika, si ya jirani; na mipaka ikisha kuwekwa na njia kupambanuliwa, shufaa imekwisha. Basi ni bora uwaendee warithi wote tangu mwanzo kuliko kununua leo na kunyang'anywa kesho.

Nini la kufanya? Warithi wakutane, wapeleke jambo lao kwa wenye hukumu, apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, mafungu yajulikane, mama na wana waliobaleghe waseme kwa ndimi zao kwamba wameridhika, na fungu la mayatima libaki ila kukiwa na haja iliyothibiti. Wala usitosheke na kimya cha dada aliyeketi nyuma ya mlango. Kimya cha bikira ni idhini katika ndoa. Katika kuuza ardhi si idhini.

MLANGO WA PILI: NI KITU GANI UNACHONUNUA?

Mtu akisema, "Nimekuuzia ardhi hii," na ndani yake mna miti na jengo, madhehebu ni kwamba miti na jengo huingia katika uuzaji, ijapokuwa hakuvitaja. Lakini akisema, "Nimekuwekea rehani ardhi hii," miti haiingii. Wengi hawajui tofauti hii, ndipo hugombana mwenye deni na mwenye kudai, huyu akitaka kukata na huyu akikataza.

Na ukinunua miti peke yake bila ya ardhi, nayo yafaa, kwa masharti. Ukishartia kukata, utakata. Ukishartia kuibakisha, itabaki. Ukinyamaza, maana ya kunyamaza ni kubakisha, basi mwenye ardhi hana haki ya kukuambia baada ya mwezi, "Ondoa miti yako." Hatta hivyo kauli iliyo sahihi ni kwamba mahali mti uliposimama hapakuwa pako, una manufaa yake tu muda mti upo. Mti ukianguka, huna haki ya kupanda mwingine pale. Ama mti uliokwisha kukauka, mnunuzi yampasa kuuondoa.

Tena ujihadhari na uuzaji wenye gharari, yaani kitu kisichojulikana mwisho wake. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kwamba Mtume (S.A.W.) ameukataza. Akija mtu akakwambia, "Nakuuzia miti yote itakayoota hapa kwa miaka mitano," huo ni uuzaji wa kitu ambacho hakijakuwako, haufai. Akikwambia, "Nakuuzia miti 100 katika msitu huu," wala hakuionyesha ni ipi, haufai. Na aingie msituni pamoja na wewe, muiweke alama ya rangi mmoja mmoja, muitazame mizizi na vilele, kisha mpatane. Na mipaka muitembee kwa miguu, majirani wa pande zote wakiwapo. Mtume (S.A.W.) ametuonya, katika hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, ya kwamba mwenye kutwaa ardhi kwa dhulma hatta kiasi cha shubiri, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Shubiri ni kitu gani katika ekari 8? Ni hatua moja ya mwenye kupeleka kamba vibaya.

Kisha yakupasa ujue sheria za nchi, kwani mwenye kuzipuuza huwadhulumu aliopatana nao. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, imewekwa mkononi mwa Rais kuwa mdhamini. Basi unachopata katika ardhi ya kijiji ni haki ya kuikalia na kuitumia, pamoja na vilivyo juu yake. Na kuihamisha haki hiyo kwataka kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Sheria hizo hizo zimempa mwanamke haki ya ardhi kama mwanamume. Na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 imeweka miti maalumu isiyokatwa pasipo leseni, na mazao ya msitu hayasafirishwi njiani pasipo hati. Mwendee ofisa wa misitu wa wilaya kabla ya kutoa fedha, si baada ya lori kushikwa.

MLANGO WA TATU: RASILMALI NA FAIDA

Sasa tumefika kwenye moyo wa risala hii. Tuseme umenunua kwa haki, warithi wameridhika, mipaka imewekwa. Wasema: Ni yangu, nitaikata yote.

Ndugu yangu, wewe ni mfanya biashara. Nakuuliza kwa lugha yako: mtu mwenye duka akila faida, huitwaje? Huitwa mwenye akili. Na akila rasilmali? Huitwa aliyefilisika, hatta siku ile anayokula akiwa ameshiba. Msitu nao ni duka. Miti ni rasilmali, na kukua kwake kwa kila mwaka ni faida. Mwenye kukata kiasi cha kile kilichokua, msitu humlisha yeye na wajukuu wake. Mwenye kukata vyote kwa mwaka mmoja amekula duka zima kwa mlo mmoja, na mlo huo, ujapokuwa mkubwa, hauna wa pili.

Tuigawe basi hisabu ya ekari 8. Ekari 2 za juu, zenye chemchemi na mikuyu, ziache. Habari yake yaja. Zabaki 6. Mikaratusi hutoa nguzo za kujengea baada ya miaka 6 hivi, kwa kadiri ya udongo na mvua. Igawe sehemu yako ya mikaratusi mafungu 6, ukate fungu moja kila mwaka. Ukimaliza la sita, la kwanza limekuwa tayari tena, kwani mkaratusi ukikatwa vizuri huchipua kutoka kisikini. Ukate chini, karibu na ardhi, kwa msumeno mkali, na uso wa kisiki uinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasitue, gome lisichubuke. Machipukizi yatatoka mengi. Baada ya kukomaa kidogo ubakishe mawili au moja lililo imara, mengine uyaondoe, nayo ni fito na kuni. Msindano hauna tabia hiyo. Ukiukata umekufa, sharti upande mche mpya.

Ama mivule, usiihisabu kwa miaka 6. Mvule huutaka umri wa mtu. Katika hiyo chagua ule uliokomaa kabisa, uuangushe upande usiovunja midogo, na uache mama wa mbegu. Na katika hekima ya Mola ni kwamba mvule una wa kiume na wa kike, kila mmoja mti wake, na tunda liko katika wa kike tu, na popo ndiye alaye tunda na kuzimwaga mbegu mbali. Basi mwenye kuangusha ya kike yote, ijapokuwa amebakisha ya kiume kumi, amekata kizazi.

Wazee wa pwani waliijua elimu hii. Wakata mikoko walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwenye kutumwa boriti alikata boriti, akaiacha pau ikue mpaka iwe boriti. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja vilikuwa vyembamba kwa kuwa urefu wa boriti ndio uliokuwa kipimo cha chumba. Mtu alijenga kwa kadiri mti ulivyompa. Hakuulazimisha mti umpe alivyotaka.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapo hapo Butiama, jirani na Mwitongo, upo msitu wa Muhunda, ambao wazee wa Kizanaki waliuzuia usikatwe kwa itikadi zao. Itikadi hizo si zetu. Sisi hatumwogopi mzimu, twamwogopa Mola wa miti. Lakini ni aibu kwetu ikiwa mwenye kuogopa mzimu ameuhifadhi mti, na mwenye kumjua aliyeuumba ameuangamiza. Mtume wetu (S.A.W.) aliufanya mji wa Madina kuwa haramu, miti yake isikatwe. Na ameahidi, katika hadithi ya Anas waliyoitoa Bukhari na Muslim, ya kwamba Muislamu apandapo mti au apandapo mbegu, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa kuwa ni sadaka. Basi mwenye kuurithi mti uliokwisha kusimama, akauacha usimame kwa nia hiyo, twataraji naye asikose.

Na kama wataka kuona mwisho wa mwenye kukata bila hisabu, watazame jirani zetu wa Shinyanga. Katika zama za Waingereza misitu ilifyekwa kwa ajili ya mbung'o na kwa mashamba ya pamba, mpaka nchi ikawa tupu, akina mama wakienda mwendo mrefu kutafuta kuni. Kisha mwaka 1986 ikaanzishwa kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na Wasukuma wakairudia desturi yao ya kale ya ngitili, yaani kufunga kipande cha malisho na miti kisiguswe kwa muda. Ardhi ilipopumzishwa, miti ikarudi katika maelfu kwa maelfu ya hekta. Ardhi haina kinyongo. Ikipewa nafasi husamehe. Bali nafasi hiyo haipewi na mwenye haraka.

Ama chemchemi. Mtume (S.A.W.) amesema, katika aliyoyapokea Abu Daud, ya kwamba Waislamu ni washirika katika mambo matatu: maji, na majani ya malisho, na moto. Maji yale ya kunywa huwezi kuwazuilia majirani na wanyama wao. Na kuikata mikuyu iliyoyafunika ni kuyazuia kwa mlango wa nyuma, kwani ardhi ikichomwa na jua na mvua ikauchukua udongo, chemchemi hukauka au hufukiwa. Mtume amekataza madhara na kudhuriana. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imezuia, ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, kazi zenye kukiharibu. Basi ekari 2 zile zipe jina: ni haki ya chemchemi. Wala usipande mikaratusi karibu yake, kwani ni mnywaji mkubwa.

Na moto uuogope. Kabla ya kiangazi fyeka ukanda mpana kuuzunguka msitu, usibaki na nyasi. Wala mkaa usiuchome katikati ya miti wakati wa upepo. Moto ukiruka kwa uzembe wako ukala shamba la jirani, dhamana ni yako.

MLANGO WA NNE: KUUZA MBAO NA KUWALIPA WATU

Imepokewa na Muslim ya kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikagusa umajimaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema kuwa ni mvua iliyomnyeshea. Mtume akamkemea kwa nini asiyaweke yaliyorowa juu watu wakayaona, akaonya ya kwamba mwenye kughushi hayuko katika sisi. Tazameni sasa, enyi wauza mbao. Mbao mbichi ikiuzwa kwa jina la kavu, tofauti yake na nafaka ile ni ipi? Mnunuzi huijenga darini, baada ya miezi hupinda, na paa hufunguka. Mbao zipangwe kivulini, juu ya vipande vya mti, zisiguse ardhi, na kati ya safu na safu kuwe na fito za kupitisha upepo, ziachwe miezi mpaka zikauke. Na kama ni mbichi, sema ni mbichi, bei ishuke, baraka ipande.

Kadhalika gogo lenye uwazi usilizibe kwa udongo. Na kipimo kisiwe cha jicho la dalali. Chukua kamba, upime mzingo wa gogo katikati yake kwa mita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 12.57. Gogo lenye mzingo wa mita 1.2 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa mita 0.46 hivi. Na usimwahidi mtu mbao za ujazo huo wote. Msumeno hula, na pembe huanguka, na pengine zitakazopatikana ni nusu au chini ya nusu.

Ama wapasuaji, imezoeleka kuambiwa, "Pasueni, theluthi ya mbao ni ujira wenu." Hili katika madhehebu yetu halifai. Maulamaa wametoa mfano wa mwenye kumwajiri mtu achune mnyama kwa ngozi yake, au asage kwa sehemu ya unga: ujira hautokani na kitu kitakachopatikana kwa kazi yenyewe, kwani haujulikani kiasi wala sifa. Waambie ujira wa fedha unaojulikana, kwa siku au kwa mita. Vivyo hivyo kumpa mtu ardhi tupu apande miti mgawane nusu kwa nusu: kwa Imamu wetu, musaqati ni katika mitende na mizabibu. Njia ya salama ni kumwajiri kwa ujira maalumu, au kumuuzia sehemu ya ardhi na miche tangu mwanzo, mkawa washirika wa haki. Na ujira umpe kabla jasho halijamkauka. Mtu aliyeshika msumeno mchana kutwa hasubiri lori lirudi kutoka mjini.

MLANGO WA TANO: ZAKA NA WAKFU

Miti ya mbao haina zaka kwa dhati yake kama mtende na mzabibu. Mwenye kuipanda na kuitunza, zaka yake ni katika fedha aliyouzia, ikifika nisabu na ikakaa mwaka. Ama mwenye kuununua msitu kwa nia ya kuufanyia biashara, hiyo ni mali ya biashara. Ataikadiria thamani yake kila mwaka uishapo, na ikifika nisabu atatoa robo ya ushuri, yaani 2.5 katika 100. Nia uliyokuwa nayo siku ya kununua ndiyo itakayokuhukumu, na Mwenyezi Mungu aijua.

Na mwenye kutaka jina lake libaki, aziweke wakfu ekari chache kwa msikiti au chuo cha Kurani. Miti ya wakfu, matunda yake na matawi yaliyozoeleka kukatwa ni ya waliowekewa. Shina halikatwi likauzwa. Hatta ukikauka mti huo, wakfu wake haukatiki. Utatumiwa kuwa nguzo au boriti ya msikiti huo huo.

KHATIMA

Nakwambia wewe mnunuzi: zuia fedha yako leo. Nenda kwa mama wa watoto, ukae, useme nao wote. Ukipata mafungu yaliyo halali, hatta yakiwa mawili tu, ni bora kuliko 8 yenye moto ndani yake. Gawa, kata fungu lako la mwaka, na panda mahali ulipokata.

Nakwambia wewe mwana mkubwa: haraka yako ni ya siku chache, na dada zako watakuwa wakubwa. Watauliza msitu wa baba yao uko wapi. Usiwe na jawabu moja tu, nalo ni visiki.

Nawaambia na ninyi majirani: msishuhudie uuzaji mnaojua una yatima ndani yake. Ushahidi wa namna hiyo ni ushirika katika dhulma.

Jina hili la Mwitongo, kwa lugha ya wenyewe, maana yake ni mahame, mahali palipokuwa na mji wa watu wa kale. Watu wakahama, ardhi ikabaki. Nasi vivyo hivyo tutahama, na kilichobaki nyuma yetu kitatushuhudia, ama kwa kivuli ama kwa jua kali.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, utuhifadhi na mali ya mayatima, utuwezeshe kuitunza amana yako katika ardhi, na uwarehemu waliotupandia miti ambayo kivuli chake hawakukikalia. Amin.

Wallahu aalam.